Historia Rasmi ya Mtakatifu Antoni wa Kiwambo

Palikuwa na nchi ambayo jina lake lilipelekwa kwenye kamati likafanyiwe marekebisho, na kwa kuwa kamati ilikuwa haijarudi kwa miaka kumi na tisa, wananchi walizoea kuiita Nchi Husika. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye pasipoti, ndivyo ilivyoimbwa kwenye wimbo wa taifa. Timu ya mpira ilipokwenda ugenini, watangazaji walisema Nchi Husika imefungwa mabao sita, na hakuna aliyeumia sana, maana ilisikika kama wamefungwa watu wengine.

Katika nchi hiyo aliishi Venansi Kitwala, Afisa Historia Daraja la Tatu katika Wizara ya Mambo Yaliyopita. Kazi yake, kwa miaka ishirini na miwili, ilikuwa kuyaandika yaliyopita kwa namna ambayo isingemkera mtu yeyote wa sasa. Alikuwa hodari. Ndiye aliyeandika habari za vita ambavyo hakuna aliyeshindwa, na ndiye aliyeuita ule ukame mkubwa kipindi kirefu cha jua la kutosha. Nyumbani alikuwa mtu mpole, mjane, mpenda koma na nukta, na hakuwa amewahi kudhani kwamba anadanganya. Alidhani anapanga.

Jumatatu moja ya mwezi Aprili aliitwa na Waziri wake, Mheshimiwa Profesa Daktari Balozi Mstaafu Faustini Ngwalida, mtu ambaye vikao vyake vilichelewa kuanza kwa sababu ya urefu wa kumtambulisha. Waziri alimweleza kwamba huko Kiwambo kuna kilima, na juu ya kilima kuna kituo cha hija cha Mtakatifu Antoni wa Padua, yule ambaye Wakatoliki humwomba awatafutie vitu vilivyopotea. Tarehe kumi na tatu Juni, sikukuu ya mtakatifu huyo, kituo kitatimiza miaka sabini. Mgeni rasmi atakuwa Rais mwenyewe, Mtukufu Baba Mlezi. Tatizo ni kwamba kituo hakina historia.

Venansi aliuliza kwa adabu inawezekanaje kitu kidumu miaka sabini bila kuwa na historia.

“Kina matukio, Bwana Kitwala,” Waziri alimjibu. “Historia ni ile inayotolewa na Wizara.”

Kisha akampa maelekezo. Historia iwe na kurasa zisizopungua arobaini, na ionyeshe wazi kwamba aliyeibeba sanamu mgongoni kutoka bandarini hadi Kiwambo, siku ishirini na saba bila kupumzika, alikuwa babu mzaa baba wa Baba Mlezi. Venansi, ambaye ndiye aliyewahi kuuandika wasifu wa babu huyo, alikumbusha kwamba marehemu alikuwa Mlutheri hadi anazikwa. Waziri alichukua kalamu, akaandika pembeni ya karatasi: Abadilishwe.

Kiwambo hakikuwa mahali pa kutisha. Kilikuwa kilima cha kawaida chenye kikanisa cha mawe, na ndani yake sanamu fupi kidogo kuliko mtu, pua imemeguka, Mtoto Yesu mkononi. Kilichomshangaza Venansi ni kuta. Zilijaa vibao vya shukrani kutoka chini hadi darini, vingine vya marumaru, vingi vya mbao, vingine vifuniko vya madebe vilivyoandikwa kwa msumari. Asante kwa ndama. Asante kwa pete. Asante kwa meno ya bandia. Asante kwa mume, ingawa hakurudi peke yake. Venansi alisoma kuta hizo asubuhi nzima, akacheka mara kadhaa, kisha akatazama nyuma kama kuna aliyemwona.

Aliyemwona alikuwa mtunzaji wa kituo, Mama Eufrasia Lugome, mwanamke mwembamba wa miaka sabini na mitatu, miwani yake imefungwa kwa waya, ufagio mkononi. Alipoambiwa kwamba Serikali imekuja kutafuta historia, hakushtuka. Alimpa Venansi ungo wa maharage, akamwambia mkono usiokuwa na kazi hausikilizi vizuri, basi achambue huku akisikiliza.

Alisimulia hivi. Mapadre wa zamani walikuwa na shule ya useremala, wakaagiza sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Baada ya miezi minane lilikuja sanduku, wakalifungua, wakamkuta Antoni. Alikuwa amekusudiwa misheni nyingine, katika nchi nyingine. Mkuu wao, Padre Bonifasi, aliandika barua kuuliza afanye nini, na jibu likaja kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu za ofisi sanamu ya Mtakatifu Antoni ilikwisha kupokelewa salama ilikokwenda, kwa hiyo ile iliyoko Kiwambo haipo. Mapadre walikuwa watu watiifu. Wakaiacha ndani ya sanduku lake, nje ya jiko, chini ya kibanda cha kuni, kwa kuwa haikuwapo.

Mpishi wao aliitwa Skolastika. Siku moja binti yake wa miaka mitatu alipotelea kwenye shamba la mtama. Watu walimtafuta siku mbili kwa ngoma na kwa mbwa, na siku ya tatu wakaanza kumpa mama pole kwa sauti ya chini. Skolastika aliwaacha waombolezaji wake, akaenda kwenye kibanda cha kuni, akasimama mbele ya sanduku. Wala hakuwa anasali. Alikuwa na hasira. Alimwambia yule mtakatifu: “Wewe umepotea, na mwanangu amepotea. Aliyepotea anajua wenzake wanakaa wapi. Haya, niambie.” Akageuka, akaingia kwenye mtama, akatembea moja kwa moja kama mtu aliyeelekezwa nyumba, akamkuta mtoto amelala kwenye kichuguu, mdomo umejaa punje mbichi.

Venansi aliuliza mtoto huyo alikuja kuwa nani.

“Ndiye mimi,” alisema Mama Eufrasia, akatupa harage bovu.

Venansi aliacha kuchambua. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameandika historia, lakini hakuwa amewahi kukaa kwenye benchi moja na mtu aliyekuwa ndani yake. Alitamani kumshika mkono ahakikishe. Alasiri ile alikaa kwenye chumba cha wageni cha parokia, akaandika kurasa kumi na nane bila kusema uongo hata mara moja, akashangaa jinsi kazi inavyokwenda haraka mtu asipolazimika kukumbuka aliyoyabuni jana. Akazituma Wizarani.

Wakati akingoja majibu, Kiwambo kilipatwa na balaa la aina yake. Habari za jubilei zilikuwa zimevuta mahujaji wengi, na mahujaji wale, badala ya kuomba ndama na pete kama wazazi wao, walianza kuomba mali ya umma. Mwalimu mmoja aliombea madawati ya shule yake, na kabla ya Jumapili madawati yakaonekana kwenye baa ya mkuu wa wilaya, watu wameyakalia wakila nyama choma. Muuguzi aliombea gari la wagonjwa, likapatikana wilaya ya jirani limepakwa rangi ya bluu, linauza samaki. Wakazi wa Mto Lubasi waliombea daraja lao, lililokatiwa utepe miaka sita iliyopita na ambalo hawakuwa wamewahi kuliona. Daraja lilipatikana mji mkuu. Lilikuwa na ghorofa tatu na bustani.

Baraza la Mawaziri lilikutana kwa dharura. Waziri mmoja kijana, mwenye shauku ya kazi, alipendekeza mtakatifu akamatwe. Mwanasheria Mkuu alisimama akatoa angalizo kwamba mhusika ni raia wa kigeni, Mreno kwa kuzaliwa na mkazi wa Padua, na kumkamata kutaleta usumbufu wa kidiplomasia. Ndipo likatolewa Tangazo Namba 88: ni marufuku kwa mtu yeyote kumwomba mtakatifu yeyote amtafutie mali ya umma bila kibali cha maandishi kutoka kwa Rais, nakala tatu. Askari mmoja aliwekwa kando ya sanamu asikilize sala. Watu wakaanza kusali kimoyomoyo, na askari akaagizwa kuangalia midomo. Baada ya juma moja aliomba ruhusa, akapiga magoti, akasali kidogo. Alikuwa amepoteza filimbi.

Majibu ya Wizara yaliletwa na pikipiki mwanzoni mwa Juni. Kurasa kumi na nane zilikuwa zimejaa wino mwekundu. Waziri alisifu lugha, hasa koma, kisha akafanya marekebisho madogo. Babu aibebe sanamu. Skolastika awe shangazi yake Baba Mlezi. Mtoto aliyepotea kwenye mtama na kupatikana kwa muujiza awe Baba Mlezi mwenyewe. Kuhusu Eufrasia Lugome palikuwa na neno moja tu: Hahitajiki.

Venansi alipanda kilimani mahali penye mtandao, akampigia Waziri simu, akaeleza kwa unyenyekevu kwamba Baba Mlezi ana miaka sitini na minne, na tukio ni la miaka sabini iliyopita. Waziri alimweleza kwamba tarehe ya kuzaliwa ni suala la kiutawala.

Basi akaandika. Asingeweza kusema alilazimishwa. Hakuna aliyemshikia fimbo. Vidole vyenyewe vilikuwa vimezoea. Alifikisha kurasa arobaini na moja, nakala moja tu, maana Wizara iliogopa nakala mbili zisije zikatofautiana.

Adhuhuri ya tarehe kumi na mbili, siku moja kabla ya sherehe, Mama Eufrasia alimwomba aisome. Venansi alifikiria kusema ni siri ya Serikali. Badala yake akampa. Mama alikaa kwenye benchi nje ya kikanisa, akafunga waya wa miwani vizuri, akasoma kurasa zote arobaini na moja akifuatisha mistari kwa kidole, bila kuruka. Ilimchukua saa mbili. Venansi alisimama muda wote huo. Alipomaliza alizipanga karatasi sawasawa, akamrudishia.

“Kwa hiyo mimi bado sijapatikana,” alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeambiwa mvua imeahirishwa, akachukua ufagio wake akaenda kufagia njia atakayopita Rais.

Venansi alibaki na historia mkononi. Aliiona nzito kuliko kurasa arobaini na moja zinavyopaswa kuwa. Alitembea bila kujua anakwenda wapi hadi langoni, ambako mwanamke mmoja aitwaye Gaudensia alikuwa akiandaa meza ya vitumbua kwa ajili ya mahujaji wa jioni ile na wa kesho. Gaudensia alikuwa analalamika kwa kila aliyepita kwamba hana karatasi za kufungia. Magazeti yalikuwapo tele, lakini sheria ilikataza kufungia chakula kwenye gazeti lenye picha ya Baba Mlezi, na hakukuwa na gazeti ambalo halikuwa na picha yake, hata ukurasa wa vifo.

“Hizi hazina picha,” Venansi alimwambia, akampa historia ya taifa, yote.

Aliporudi chumbani alijisikia mwepesi kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Alilala mchana ule kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alipoamka alikumbuka alichofanya, akakimbilia langoni, lakini vitumbua vilikuwa vimekwisha kuanza kuuzwa.

Siku ya jubilei watu walifika kama elfu nne. Palikuwa na maturubai, bendi ya polisi, kwaya tatu zilizoshindana bila kukubali kwamba zinashindana, na paroko, Padre Desideri, aliyekuwa ametokwa na jasho kabla jua halijawaka. Baba Mlezi aliketi kwenye kiti chenye mito. Alikuwa mzee mnene, mtaratibu, aliyezoea kusinzia huku amefumbua macho, na kwa miaka mingi hakuna aliyempa kazi yoyote isipokuwa kupunga mkono. Baada ya misa Waziri Ngwalida alitambulishwa, jambo lililochukua muda, kisha akamwita Bwana Kitwala asome historia rasmi ya kituo.

Venansi alikwenda kwenye kipaza sauti akiwa mikono mitupu. Alisema historia imepotea.

Bendi ikashusha tarumbeta. Waziri alimsogelea, akamwambia kwa kunong’ona, huku akitabasamu kwa ajili ya kamera, aitafute. Lakini afisa itifaki, mtu makini aliyekuwa ameyahifadhi matangazo yote kichwani, alinyanyuka akakumbusha kwamba historia ni mali ya umma, kwamba mali ya umma iliyopotea katika eneo hili hutafutwa na mtakatifu, na kwamba kwa Tangazo Namba 88 haiwezi kuombwa bila idhini ya Rais. Padre Desideri, alipoulizwa, alithibitisha kwa uaminifu kwamba desturi ya hapa ni aliyepoteza kuomba mwenyewe. Watu wa itifaki walitazamana. Kwa kuwa aliyepoteza historia ya taifa ni taifa, na taifa ni Rais, hatimaye walimpelekea Baba Mlezi kipaza sauti.

Baba Mlezi alifurahi sana kupata kitu cha kufanya. Alisimama bila kusaidiwa, akaigeukia sanamu, ambayo ilikuwa imetolewa nje ya kikanisa kwa ajili ya sherehe.

“Mtakatifu Antoni,” alisema, “tutafutie historia yetu.”

Watu elfu nne wakaitika amina, na milima ikaitika tena.

Mzee mmoja wa mstari wa tatu, aliyekuwa anamalizia kitumbua chake, aliitazama karatasi mkononi, akaisogeza mbali na macho, akanyoosha mkono. Akasema anadhani anayo kidogo. Akasoma kwa sauti ukurasa wa kumi na saba, ambamo Baba Mlezi, akiwa na miaka mitatu, aliwatia moyo watu waliokuwa wakimtafuta. Mwanamke wa upande wa pili akagundua anao ukurasa wa tano, ambamo babu amebeba sanamu kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine anawaonyesha mapadre njia. Ukaja wa thelathini na nane, halafu wa pili, halafu mmoja ulioliwa na mafuta katikati hata sentensi mbili zikaungana, ambamo shangazi aliingia kwenye mtama na kutoka akiwa daraja la chuma. Watu walisimama kila mahali wakipunga karatasi, kila mmoja akitaka zamu yake, na kila ukurasa ulisomwa kwa heshima yote.

Mtawa mmoja wa kwaya ya pili alikuwa wa kwanza kushindwa. Alificha uso kwenye kitabu cha nyimbo, mabega yakatikisika. Kisha kwaya nzima, kisha bendi. Kicheko hakikuwa kwenye ratiba, na afisa itifaki alipekua karatasi zake asione mahali pa kukiweka.

Baba Mlezi yeye hakucheka. Alikuwa anasikiliza kwa makini, uso umekunjamana.

“Kumbe nilipotea?” alimwuliza Waziri, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, wote wakasikia.

“Kwa muda mfupi tu, Mtukufu.”

“Miaka sabini iliyopita? Nilikuwa sijazaliwa.”

“Ulikuwa mbele ya wakati, Mtukufu,” alisema Waziri.

Baba Mlezi alilifikiria jibu hilo kwa muda. Huenda ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mingi kulifikiria jibu. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza jirani, ni nani hasa aliyepotea hapa.

Waziri alimtazama Venansi. Yalikuwa macho ambayo Venansi aliyajua vizuri. Kwa miaka ishirini na miwili aliyatii kabla hayajamaliza kugeuka. Alifikiria pensheni yake, akafikiria kidole cha mama mzee kikifuata mistari ya kurasa arobaini na moja kikitafuta jina lisilokuwamo.

“Ni Mama Eufrasia Lugome, Mtukufu,” alisema. “Yule mwenye ufagio.”

Watu wakapisha njia. Mama Eufrasia alikuja mbele, akaamkia, akasimulia habari za sanduku, za barua, za mama yake na hasira yake, kwa sauti ndogo iliyowafanya watu elfu nne wainame. Baba Mlezi alitaka kujua alikula nini siku zile zote. Mtama, Baba, mbichi. Akataka kujua kama aliogopa.

“Sikuogopa,” alisema Mama Eufrasia. “Mimi nilijua nilipo. Wao ndio hawakujua.”

Rais wa Nchi Husika alirudi kukaa, akafuta uso kwa kitambaa. Katika utulivu ule mwanamke mmoja wa Mto Lubasi alinyoosha mkono, akauliza kama kibali kile cha kutafuta kilikuwa cha historia peke yake, au na wao waendelee.

“Aa, tafuteni tu,” alisema Baba Mlezi.

Hakukusudia lolote. Lakini kwa sheria za nchi ile kila neno la Rais lililopita kwenye kipaza sauti lilikuwa amri, na afisa itifaki, mtu makini, aliliandika. Kabla ya Julai kwisha nchi nzima ilikuwa inatafuta. Yalipatikana matrekta matatu, mifuko ya mbolea isiyohesabika, na kura elfu moja mia moja kwenye dari ya ofisi ya kata, zimekauka vizuri. Alipatikana pia mtu mmoja aitwaye Lazaro Chimwaga, ambaye kwa miaka tisa ilisemwa yuko masomoni. Alikuwa kwenye nyumba isiyo na madirisha. Mkewe alikuja Kiwambo kwa miguu akapigilia kibao chake mwenyewe. Kiliandikwa Asante, basi.

Waziri Ngwalida hakufukuzwa. Alihamishiwa Wizara ya Mambo Yajayo, ambako hakuna anayeweza kumsahihisha. Venansi alifukuzwa, kwa barua nzuri yenye koma zote mahali pake. Akahamia Kiwambo, akabandika zile kurasa kumi na nane kwenye mlango wa kikanisa, na kila mvua ilipozilowesha aliziandika upya, akimwuliza Mama Eufrasia kama kuna alilosahau. Kila mara palikuwa na kitu.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja ya Jumatano isiyo na sherehe yoyote, Venansi alikuwa akigawa mishumaa alipomwona mzee mnene anapanda kilima polepole, peke yake, mkono kiunoni, walinzi wake wamebaki kwenye magari huko chini. Mama Eufrasia naye alimwona. Hakupiga kigelegele wala hakuita mtu. Alimpa karatasi ndogo na penseli kama anavyompa kila hujaji, akamwambia aandike alichopoteza.

Baba Mlezi aliishika penseli muda mrefu. Alisema hakumbuki ni kitu gani. Anajua tu kwamba kipo, na kwamba zamani alikuwa nacho.

“Andika hivyohivyo,” Mama Eufrasia alimwambia. “Wengi huja hivyo.”

Akaandika. Kisha akaonyeshwa foleni, ambayo siku hiyo ilifika hadi mlangoni, naye akaenda kusimama nyuma ya mwanamke aliyejitwika kikapu cha kuku. Lakini alisimama akiwa ameupa kikanisa mgongo, maana tangu ujana wake alizoea kutazamwa na watu, hakujua kwamba kwenye foleni watu hutazama mbele. Mwanamke yule aligeuka, akamwangalia, akamshika mabega kwa mikono miwili, akamgeuza polepole mpaka akaelekea walikoelekea wenzake. Foleni ikasogea hatua moja, naye akasogea hatua moja.